Fomu ya Chisomo na Maji ya Jumatatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi ya kuoshea chupa. Ilikuwa maabara ya maji hapa Arusha mjini, vyumba vitatu tu, nami nilikuwa nimeajiriwa kama mhudumu, cheo cha chini kabisa. Mkuu wa Maabara, mzee mwembamba ambaye koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi mifukoni, alinipeleka kwenye beseni lililojaa bika, pipeti na chupa za sampuli.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Kidato cha nne, Mzee."

"Vizuri. Hapa utaanza chekechea. Chupa husuuzwa mara tatu. Mara mbili za kwanza ni adabu, ya tatu ndiyo kazi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba sampuli ni maji kidogo yanayochukuliwa ili yaseme kwa niaba ya mto mzima, na kwamba chupa ikiwa chafu, mto mzima umesingiziwa. Maneno hayo niliyaandika kwenye daftari jioni ileile, nyumbani Lemara nilikokuwa nimepanga chumba. Ndiyo yalikuwa maandishi yangu ya kwanza ya kisayansi.

Sikuwahi kukaa darasani tena. Mhandisi mmoja alipohama aliacha vitabu viwili vya kemia ya maji, nikavisoma kwa miaka minne nikiwa na kamusi pembeni. Nilifanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikafeli mara moja, nikarudia, nikapanda kuwa fundi sanifu wa maabara. Kiingereza changu nilikipata kwa njia hiyohiyo: nilijifunza kwa macho, si kwa mdomo. Ningeweza kusoma kurasa hamsini za kitabu kigumu bila kukwama, lakini mtu akinisalimia kwa lugha hiyo, ulimi ulikauka. Naomba msomaji ajue jambo hili mapema, kwa sababu linahusika.

Kituo changu cha pili kilikuwa ofisi ya maji ya wilaya, chini ya Mhandisi wa Maji, mtu wa safari ambaye hakuwahi kumaliza chai yake ikiwa moto. Huko nilijifunza kazi ya uwandani. Tulipima hasa floraidi, madini yanayopatikana kwa wingi katika maji ya upande huu wa Meru. Ikiwa ndogo hulinda meno, ikizidi huyatia rangi ya kahawia na baadaye hudhuru mifupa. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye mteremko huo, katika nyumba ya Walutheri wakulima wa kahawa na ndizi, na meno yangu yanaonyesha nilikunywa maji gani utotoni. Mhandisi alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu fundi wetu ana ripoti kinywani." Sikukasirika. Ilikuwa kweli, na alikuwa ananipenda.

Kituo cha tatu na cha mwisho kilikuwa chuo kikuu. Nilikaa huko miaka kumi na saba, na hapo ndipo penye kisa ninachotaka kuwaachia mafundi vijana.

Kazi yangu chuoni ilikuwa kutunza vifaa na kusimamia mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili. Wanafunzi waligawanywa katika makundi ya watu sita. Kila kundi lilipewa kijiji, likachukua sampuli za maji kwa awamu tatu, likapima, likaandika ripoti moja, na wote sita wakapata alama moja. Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo aliniachia kupanga makundi, kwa kuwa yeye hakuwajua wanafunzi kwa sura.

Mwanzoni wote walikuwa wa hapa. Kisha wakaanza kuja wa nchi nyingine: Burundi, Sudan Kusini, Malawi, Ghana. Kila mwaka, wiki ya kupanga makundi, wajumbe walikuja mlangoni kwangu. Wengine waliomba wasipewe mgeni.

"Shikamoo Madam. Madam, sisi mgeni hapana. Tutashindwa hata kutaniana. Itabidi tuongee Kiingereza mpaka tukila mihogo?"

Wengine waliomba wapewe.

"Madam, tuwekee mmoja tu, wa kuchapa ripoti. Wale Kiingereza wanacho."

Niliona kundi la kwanza lina ubaguzi na la pili lina ukarimu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba yote mawili yalikuwa yanamwona mgeni kama kifaa, la kwanza kifaa kibovu, la pili kifaa cha kuazima. Mimi mwenyewe nilikuwa na utaratibu wangu, na nilijivunia: niliwagawa wageni mmoja mmoja, kila kundi na wake, kama anayetia chumvi kwenye sufuria. Nilidhani huo ndio usawa. Sikuona kwamba mtu akiwa peke yake kati ya watano wanaocheka kwa lugha asiyoijua, umemtenga kwa mkono wako mwenyewe.

Mwaka ninaouzungumzia alikuja Chisomo, binti kutoka Malawi aliyepokelewa moja kwa moja mwaka wa pili. Alikuwa mkimya, mwenye mwandiko mdogo, na alikuwa amelipiwa masomo kwa sharti moja: akifeli somo lolote, ufadhili unakatwa na anarudi kwao. Nilimweka kwenye kundi la Godlisten, kijana mwerevu, mtoto wa mkulima wa kahawa wa hukuhuku Meru. Katika kundi hilo alikuwemo pia Harpreet, ambaye ukoo wake umefanya biashara Arusha tangu enzi za babu. Siku ya kwanza, Godlisten alipowaona wawili hao wamekaa jirani, alianza kuongea Kiingereza cha taratibu, akiwaangalia wote kwa zamu.

Harpreet akamkatiza. "Oya, mimi ni chalii wa Sekei, hapahapa mjini. Usinichoshe."

Kundi zima liliangua kicheko. Godlisten akarudi kwenye Kiswahili kwa furaha, na hakutoka tena. Chisomo alicheka pia, kwa kuwa wengine walicheka. Kisha akapewa kazi: kubeba deli la barafu lenye chupa, na baadaye kuchapa ripoti.

Kijiji chao kilikuwa juu, penye mashamba ya migomba, na moja ya sehemu zao za kupima ilikuwa mfereji. Watu wa Meru wamechimba mifereji tangu zamani kuyaleta maji ya mito na chemchemi mashambani. Awamu mbili za kwanza zilifanyika Jumatatu na zilikwenda vizuri, floraidi ya mfereji ikiwa ndogo. Awamu ya tatu iliangukia sikukuu, wakaisogeza hadi Alhamisi. Siku hiyo nilikwenda nao. Godlisten na wenzake walizunguka na mwenyekiti wa kitongoji, wakizungumza haraka, wakijaza fomu. Chisomo aliachwa na deli nyumbani kwa bibi mmoja ambaye uwanja wake unapakana na mfereji. Nilipopita niliwaona wamekaa kwenye benchi, bibi akimenya ndizi, Chisomo akimsaidia. Bibi yule alizungumza Kimeru maisha yake yote, na Kiswahili alikitoa polepole, neno moja moja, kama anayechagua mbegu. Chisomo alikuwa na miezi mitatu ya Kiswahili cha hosteli. Nilijiambia hawawezi kuwa wanasemezana jambo la maana.

Tuliporudi maabara, sampuli ya mfereji ya Alhamisi ilitoa floraidi zaidi ya mara tatu ya zile za mwanzo. Tulirudia kipimo. Ilikuwa vilevile. Awamu nzima ya kazi ilikuwa hatarini, maana ripoti haiwezi kusema maji yaleyale ni salama na si salama. Ndani ya deli, kati ya chupa zetu za plastiki, nikaona chupa moja ya soda, ya kioo, imejaa maji, imefungwa kwa gunzi la hindi. Sampuli ya floraidi haichukuliwi kwa kioo, kwa sababu floraidi na kioo huathiriana. Hilo ni somo la wiki ya kwanza, na nilidhani mtu alichotea maji ya mfereji kwenye kioo hicho kisha akayamimina kwenye chupa yetu.

"Nani alibeba deli?" niliuliza.

Macho yote yalimgeukia Chisomo, ambaye alikuwa hajaelewa swali.

Chuoni tulikuwa na fomu ya ushiriki. Kundi lililoona mwenzao ameharibu kazi lilijaza fomu hiyo, likasaini, na mhusika akanyimwa alama ya kundi. Godlisten aliijaza kesho yake, na wenzake wanne wakasaini, Harpreet wa mwisho. Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maoni ya fundi sanifu. Niliandika kwa Kiingereza changu safi cha vitabuni kwamba chombo cha kioo kilitumika kinyume cha utaratibu. Nikasaini. Sikumwita Chisomo. Nilijua kumwita ni kuongea naye Kiingereza, na nilikuwa na shughuli nyingi, au ndivyo nilivyojiambia. Fomu ikaenda kwa Mkuu wa Idara.

Siku nne baadaye nilikuwa napanga pipeti kwenye kabati, Chisomo akaingia. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini alisimama wima.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba."

"Nina swali moja. Swali la somo." Alisema kwa Kiswahili, na nilitambua kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi kila sentensi. "Floraidi ikikaa kwenye kioo, kipimo kinapanda au kinashuka?"

Nilifungua mdomo kumjibu kama mwalimu anayejua, ndipo nikaliona jibu lenyewe. Floraidi ikishambulia kioo, sehemu yake hutoka kwenye maji na kushikamana na kioo. Kipimo hushuka.

"Kinashuka," nilisema.

"Ya kwetu ilipanda."

Niliweka pipeti chini. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo miaka yote ile. Hata kama angechukua sampuli yote kwa chupa ya soda, kosa hilo lisingeweza kuleta matokeo yale. Nilikuwa nimeona kioo, nikamwona mgeni, nikaacha kufikiri. Wale wanafunzi watano walikuwa na miaka ishirini na kidogo. Mimi nilikuwa na koti jeupe.

"Hiyo chupa ilitoka wapi?"

"Bibi alinipa. Ni maji ya Jumatatu. Bibi anaweka maji ya Jumatatu kwa chai. Alisema ya Alhamisi ni machungu." Akatafuta neno. "Mfereji ni mmoja. Maji ni mawili. Kwa zamu."

Mimi, niliyezaliwa kwenye mteremko uleule, niliyetumwa na baba utotoni kwenda kufungua maji zamu yetu ilipofika, nilihitaji kuambiwa na binti wa Malawi kwamba mifereji ina zamu. Pale kijijini kamati ya mfereji huruhusu maji ya chemchemi ya juu siku fulani, na siku nyingine hufungulia maji ya kijito kingine. Mfereji ni uleule, chanzo si kilekile.

Nilipima chupa ya soda saa ileile. Floraidi yake ilikuwa ndogo, karibu sawa na zile za mwanzo. Hata hivyo kioo si ushahidi wa kutegemea, kwa hiyo nililiita kundi zima, tukarudi kijijini Jumatatu iliyofuata na tena Alhamisi, kila mara kwa sampuli pacha, yaani chupa mbili za maji yaleyale ili moja imsahihishe mwenzake. Jumatatu ndogo, Alhamisi kubwa. Hapakuwa na shaka tena.

Bibi alitupokea mara zote mbili kwa ndizi za kuchemsha. Godlisten alimwamkia, akamuuliza kwa unyonge, "Bibi, kwa nini hukutuambia siku ile?"

"Mliniuliza?" Akamwonyesha Chisomo kwa kisu. "Huyu aliniuliza. Aliuliza vibaya, lakini aliuliza."

Wakati wa kurudi, Godlisten alitembea karibu nami mpaka barabarani. Kisha akasema, "Madam, hata kwetu kuna zamu. Naijua tangu mdogo. Sikufikiri kama ni sayansi."

"Hata mimi," nilimjibu.

Harpreet, aliyekuwa nyuma yetu, alilichukua deli mikononi mwa Chisomo. "Dada, leta. Tangu mwanzo mtu mmoja tu anabeba, kwani sisi tumevunjika mikono?"

"Nimezoea," Chisomo alisema.

"Ndiyo maana nasema leta."

Ilibaki fomu. Kundi liliandika barua ya kuondoa mashtaka, lakini maoni yangu yalikuwa yamesainiwa, na Mkuu wa Idara, mwanamke wa sheria na taratibu, alikuwa ameshayapeleka kwenye kikao cha kupitisha alama. Niliomba kuingia. Fundi sanifu haingii kikao hicho, na mimi nilikuwa fundi asiye na shahada, kati ya watu wenye tatu tatu. Alikuwepo pia Mtahini wa Nje, msomi anayealikwa kutoka chuo kingine kuhakikisha alama zinatolewa kwa haki. Mwaka ule alitoka Afrika Magharibi, na Kiswahili hakukijua.

"Mama," Mkuu wa Idara aliniambia, "maoni ya fundi yakishasainiwa ni ushahidi. Ukiyageuza leo, kesho nani atayaamini mengine?"

"Daktari, nikiyaacha yalivyo, hata mimi sitayaamini."

Akanitazama kidogo. "Haya. Sema kwa Kiswahili, nitamfasiria mgeni wetu."

Ningeweza kukubali. Lakini nilimfikiria Chisomo akiwa amekaa kwenye korido nje, baada ya kuja kwangu na sentensi zake za kukariri, akijua kila moja inaweza kuchekwa. Nikasema nitajieleza mwenyewe. Nikaeleza kwa Kiingereza mfereji, zamu, kioo, kupanda na kushuka, na mwisho nikasema kosa ni langu na jinsi lilivyotokea. Maneno mengine niliyatamka kama yanavyoandikwa, na mhadhiri mmoja kijana aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Mtahini wa Nje hakutabasamu. Kila niliposita alisema tu niendelee. Nilipomaliza aliuliza maswali mawili, yote kuhusu mfereji, hakuna hata moja kuhusu mimi.

Fomu ilifutwa. Chisomo alipata alama ya kundi, na sura ya mfereji ndiye aliyeiandika, safari hii si kwa kuchapa mawazo ya wengine. Nilipomwomba radhi, aliniangalia kwa utulivu ule wake.

"Madam, hata mimi ningeona chupa ile ningefikiri hivyo," alisema. Kisha akaongeza, "Ila ningeuliza kwanza."

Hakulisema kwa ukali, na ndiyo sababu limenikaa.

Tangu mwaka uliofuata nilibadilisha utaratibu. Wageni niliwaweka wawili wawili. Kazi za kundi zikawa kwa zamu kama mfereji: leo unabeba deli, kesho unazungumza na wenyeji, keshokutwa unaandika. Na nikamwomba Mkuu wa Idara mstari mmoja kwenye fomu ya ushiriki, juu ya sahihi zote: mhusika amesema nini alipoulizwa? Alikubali, ingawa ilibidi upite kwenye vikao vitatu.

Mwaka jana nilitimiza miaka hamsini na mitano nikastaafu kwa hiari. Nina bustani ndogo ya mboga, na asubuhi nasoma. Nikiwahesabu walionifundisha, namwona Mkuu wa Maabara na beseni lake, Mhandisi na chai yake iliyopoa, na Mkuu wa Idara aliyeniacha niseme. Ninawashukuru wote. Lakini aliyenifundisha kazi niliyodhani naijua ni mwanafunzi niliyekuwa nimemsainia aondoke. Chisomo sasa anafanya kazi ya maji kwao, na akinipigia simu tunaongea lugha zote mbili, kila mmoja akiivunja ya mwenzake bila aibu.

Wiki iliyopita alinipigia fundi kijana aliyechukua nafasi yangu.

"Shikamoo, Mama. Samahani kukusumbua. Wanafunzi wanalalamikia ule mstari wa kwenye fomu. Wanataka tuufute, eti unawachelewesha."

"Unawachelewesha kiasi gani?"

Akafikiri. "Inabidi wamtafute mhusika, wakae naye, wamsikilize. Nusu saa hivi. Na wengine wakishamsikiliza, fomu yenyewe hawairudishi."

"Hawairudishi?"

"Wanaichana, Mama."

"Basi mstari uuache ulivyo," nilimwambia.